Mikia Sita

Jumamosi, 6 Septemba

Dale Hautala, huna haya hata chembe. Unanipigia simu saa moja asubuhi, kahawa yangu haijachemka, kuniuliza mama yako "anaendeleaje kichwani". Kichwani! Mama yako si kabati la kizamani uligongegonge usikie kama limeoza ndani. Kutoka huko kwako Milwaukee hadi hapa ni mwendo wa saa tano. Ukitaka kujua anaendeleaje, panda gari uje umtazame usoni. Nimekujibu kwamba mama yako mzima kuliko wewe, nikakata simu. Ukipiga tena nitakujibu hivyohivyo.

Haya, nimetulia.

Daftari hili nimelinunua leo. Tangu nitoke shule darasa la nane kwenda kufua mashuka ya wachimba chuma sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya dukani, kwa hiyo atakayecheka mwandiko wangu acheke akiwa mbali. Ninaandika kwa sababu moja. Jana Lempi, mama yake huyo Dale, jirani yangu kwa miaka hamsini na mbili sasa, aliniuliza mbwa wangu anaitwa nani. Nikamwambia Kusti. Akaniuliza tena. Mara ya tatu nikamfokea, "Kusti, we mwanamke, Kusti! Ulikuwapo alipozaliwa!" Akacheka, na mimi nikacheka. Nataka iwe imeandikwa na tarehe yake, nisije kujidanganya.

Leo tulitembea kama kawaida. Sisi ni sita na mbwa sita. Mbele Reino Lahti na jibwa lake la kuwindia, Jaska. Reino ana miaka themanini na moja, alifanya kazi chini ya ardhi hadi mgodi ulipofungwa, na anapenda kuamrisha. Halafu Delphine Roberge mwenye mdomo mkubwa na kimbwa kidogo. Arvid na Joyce Salo, mume na mke, na mbwa wao wawili wasiosikia la mtu. Mimi na Kusti. Lempi na Pulla, mbwa wa rangi ya pulla, mkate wetu wa Kifini wa iliki, ndiyo maana akaitwa hivyo.

Hali ya hewa nzuri. Njia ya reli ya zamani, tunakotembea, imekauka.

Jumatano, 10 Septemba

Tulitembea. Mbu. Lempi mzima kabisa, alisimulia harusi ya dada yake kwa majina na vyakula. Nilijiona mjinga na daftari langu.

Jumamosi, 20 Septemba

Sikuwa mjinga.

Kwenye njia panda baada ya kanisa tunakata kulia. Tumekata kulia miaka kumi na tisa. Leo Lempi alikata kushoto, anatembea kwa haraka na kwa raha kama mtu anayejua aendako, Pulla anamfuata. Wengine walikuwa mbele wanabishana. Nikamkimbilia, nikamshika mkono. Alinitazama, na kwa muda wa kumeza mate mara moja hakujua mimi ni nani. Niliyaona macho yake. Hayakuwa na mtu ndani.

Kisha akarudi. "Aune," akasema, "mbona umenishika kama mwizi?"

"Unakwenda wapi?"

Akaniacha nimgeuze, tukawafuata wenzetu. Mchana tukaingia sauna kwangu, kibanda cha mvuke wa mawe ya moto, sisi wawili, na humo ndani ndipo aliposema, ametazama mawe. Anajua. Anajua tangu masika. Anaamka anakuta jiko limewashwa. Anakuta barua ameifungua na hajui lini.

"Usimwambie Dale," akasema. "Atanipeleka kwenye nyumba ya wazee. Kule hawapokei mbwa. Aune, niapie."

Nikaapa. Ningefanyaje? Tulikuwa uchi, tunatoka jasho, na mwenzangu analia. Nikaapa.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua. Hatukutoka.

Jumapili, 28 Septemba

Dale kapiga. Nimemwambia mama yake mzima.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kwenye tope karibu na daraja Reino alituonyesha nyayo za mbwa mwitu. Kubwa kama kiganja changu, na changu si kidogo. Tukawafunga mbwa wote kamba. Arvid akasema mwaka jana walimrarua mbwa wa jamaa mmoja mashariki ya hapa hadi ikabaki kola yake ya shingoni. Joyce akamwambia anyamaze.

"Wakija wataanza na Delphine," Reino akasema. "Ndiye mwenye nyama."

"Wataanza na wewe, mzee," Delphine akamrudishia, "wapate cha kuchokolea meno, halafu waje kwangu kula."

Tulicheka, lakini tulitembea tumebanana, na kila kijiti kilichovunjika kilitugeuza shingo.

Niandike jinsi tunavyohesabu, maana asiyetembea nasi hawezi kujua. Kila njia panda, na kila daraja, Reino anasimama na kuhesabu mikia. Si watu. Mikia. Kwa miaka yote hii tumepoteza mbwa mara kumi na moja, mtu hata mara moja hatujampoteza, na mbwa akiwapo mwenyewe yupo. Anasema, "Mikia sita, twende," nasi tunakwenda. Hata ukiwa nyuma unajisaidia kichakani, mbwa wako atakuwa amekaa anakungoja, naye ataonekana amepungua.

Sasa mimi natembea nyuma ya Lempi kila mara. Delphine ameliona. "Mbona siku hizi umemganda mwenzio kama kupe?" akaniuliza. Nikamwambia ashughulike na makalio yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Miti imewaka nyekundu yote. Wengine walikuwa wanapiga picha. Mimi sikuona jani hata moja, nilikuwa natazama mgongo wa Lempi.

Wakati wa kurudi tulizungukia ile njia ya kushoto, karibu na ua wa seng'enge, pale ulipokuwa mtaa wa wachimbaji kabla ardhi haijaanza kudidimia juu ya mgodi na kampuni kuhamisha watu. Lempi alizaliwa humo. Hakuna nyumba tena, kuna misonobari na vibao vya hatari. Akasimama, akashika waya kwa vidole viwili, akanusa hewa.

"Supu ya mama inaungua," akasema.

Hakuna aliyesikia ila mimi. Nilinusa na mimi, Mungu nisamehe, nilinusa kweli.

Jumatano, 15 Oktoba

Tulitembea. Baridi. Hakuna jambo.

Jumapili, 19 Oktoba

Dale tena. Mara hii sauti yake ya pole: "Anti Aune, niambie ukweli. Jana kanipigia simu mara nne kuniambia jambo lilelile."

"Basi alikuwa na hamu na wewe," nikamwambia. "Mama yako mzima."

Nilipoweka simu nikatafuta miwani nusu saa nzima. Ilikuwa kichwani kwangu. Zamani ningecheka. Leo nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikataja majina ya wajukuu wangu wote tisa, na siku walizozaliwa, na mbwa wote niliopata kufuga tangu nikiwa msichana. Nilipofika kwa mbwa wa sita nilikwama. Kusti ananitazama tu. Jina lilikuja jioni nikimenya viazi, Turre. Nililisema kwa sauti mpaka likanichosha.

Jumatano, 29 Oktoba

Theluji ya kwanza, nyepesi. Lempi alikuja na buti mbili tofauti, moja yake na moja ya marehemu mumewe. Nikamrudisha ndani nikambadilisha kabla wengine hawajafika. Alininyooshea mguu kama mtoto.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimegombana na Delphine. Alinisubiri kwenye uwanja wa kanisa wengine wakiwa wanafuta mbwa.

"Aune, mimi si kipofu," akasema. "Mwambie Dale."

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Mama yangu alikwenda hivihivi. Tulimkuta ziwani, maji ya magoti, anatafuta ng'ombe. Unamlinda Lempi asipelekwe, lakini nani anamlinda usiku? Wewe? Na nguo yako ya kulalia?"

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia tangu aanze kuzika waume amekuwa anaona maiti kila mahali. Aligeuka akaenda kwenye gari lake. Amezika wawili.

Nimerudi nyumbani nimewasha taa zote.

Jumatano, 5 Novemba

Tulitembea. Delphine hakunisemesha. Vizuri.

Jumapili, 9 Novemba

Dale. Nimesema yaleyale. Sauti yangu mwenyewe ilinichukiza.

Jumatano, 12 Novemba

Nitaandika yote leo, hata mkono ukikataa.

Kulikuwa na mawingu mazito na upepo wa ziwani. Jumamosi msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa, kwa hiyo hii ilikuwa siku ya mwisho ya kutembea kwa amani kabla risasi hazijaanza. Wote tulikuwa na vizibao vya rangi ya machungwa ili wawindaji watutambue, mbwa pia. Tulianza saa nne asubuhi.

Sikutembea nyuma ya Lempi. Naliandika kwanza hilo. Delphine alikuwa nyuma yetu, na nilisikia anakohoa kile kikohozi chake cha dharau, au nilidhani nimesikia. Nikasema moyoni, sitaitwa kupe leo. Nikaenda mbele na Reino, tukaanza kuzungumza habari za bomba la maji lililopasuka kwake. Karibu na njia panda Lempi akaniita.

"Aune, nishikie Pulla, nifunge kamba ya kiatu."

Nikarudi hatua mbili, nikachukua kamba ya Pulla, nikaendelea na bomba la maji la Reino. Nilikuwa na mbwa wawili mkononi. Sikugeuka. Delphine na akina Salo walimpita ameinama, wakamwambia fanya haraka, mwanamke, tutakuacha. Walikuwa wanatania.

Kwenye daraja Reino alihesabu. "Mikia sita, twende."

Tulikwenda. Theluji ikaanza kuanguka, chembe kubwa za polepole. Tulifika kwenye kibanda cha magogo ambako tunakunywa kahawa, Reino akahesabu tena kwa mazoea, mikia sita. Delphine akatoa chupa na vikombe vyake vya bati, akamimina, akagawa. Mimi, Reino, Arvid, Joyce. Chake akakiweka kwenye benchi. Akabaki na kimoja mkononi, kinatoa moshi.

"Hiki cha nani?" akauliza.

Tukatazamana, na kila mmoja alitazama mbwa kwanza. Mbwa wote walikuwapo. Pulla alikuwa amekaa juu ya buti langu.

Ilikuwa saa sita kasoro. Tulikuwa tumetembea dakika arobaini bila yeye.

Sijui nilipiga kelele au la. Joyce anasema nilipiga. Reino alitupanga kama yuko kazini: simu haishiki kule, kwa hiyo Arvid na Joyce wakate njia ya mkato na mbwa wao hadi barabarani waite zimamoto, sisi watatu turudi tulikotoka. Tulirudi tukiita. Upepo ulirudisha jina lake kinywani mwetu. Arvid ana goti bovu, nilimwona anakimbia nalo.

Miaka sabini na minane, sijawahi kuogopa hivi. Si nilipomzaa Elmer katikati ya dhoruba. Si siku mgodi ulipopiga king'ora na baba yangu yuko chini. Siku hiyo sikuwa na kosa. Leo kila hatua iliniambia: ulikuwa umemshikia mbwa, ulikuwa umemshikia mbwa.

Kwenye njia panda tulizikuta nyayo zake. Zilikuwa zimeanza kujaa. Zilikata kushoto.

"Kwao," nikasema. "Amekwenda kwao."

Uso wa Reino ulikuwa kama jivu. Delphine alinishika mkono, na hivyo tulikwenda tumeshikana kama wasichana wa shule, tunateleza, hadi kwenye ua.

Msonobari ulikuwa umeanguka juu ya seng'enge ukaikandamiza hadi magotini. Nyayo zilipita hapo. Na juu ya waya, kando, kizibao chake cha machungwa kilikuwa kimetundikwa. Kimetundikwa vizuri, kwa kola, mabega yamenyooshwa, kama unavyotundika koti ukiingia nyumbani.

Alikuwa ndani, hatua kumi na tano hivi, kati ya miti miembamba. Amesimama katika sweta, ametupa mgongo, mkono unapapasa hewa mbele yake juu na chini. Alikuwa anatafuta kitasa cha mlango.

Nikafungua mdomo nimwite. Reino akaniziba kwa kiganja chake chenye glavu.

"Usimwite aje," akaninong'oneza. "Akigeuka atakata moja kwa moja kuja kwetu, na hapo katikati ndipo pabaya. Yeye kaingia kwa kuzunguka, tazama nyayo. Aune, nimefanya kazi chini ya pale aliposimama. Tulitoa chuma chote. Tuliacha tupu."

Theluji ilikuwa imefunika kila kitu sawasawa. Hapo katikati palionekana kama kitanda kilichotandikwa.

Pulla akamwona. Akaanza kulia na kuvuta kamba. Lempi akasikia. Akageuka, akatuona, uso wake ukafunguka kwa furaha, akanyoosha mikono. "Pulla!" Akainua mguu.

Sikufikiri. Ile sauti ilinitoka yenyewe, ile ninayoitumia Kusti anapomfukuza sungura barabarani. "KAA!"

Kusti akakaa. Pulla akakaa. Jaska wa Reino, ambaye hajawahi kumtii mwanamke, akakaa. Na Lempi akakaa, pale pale, chini kwenye theluji.

"Tulia hapo," nikasema. "Tulia. Usijitikise."

Tulikuwa na kamba tatu fupi na ile ndefu ya Jaska ya mita kumi. Reino akazifunga pamoja kwa mafundo ya wachimbaji. Yeye ni mzito na kifua kibovu. Delphine, na alisema mwenyewe, "Mimi nikiingia tutakwenda wote hadi Uchina." Hakuna aliyecheka. Nilibaki mimi, nina kilo hamsini na moja. Wakanifunga kiunoni, na Delphine alipokaza fundo alinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu tugombane.

"Rudi unitukane tena," akasema.

Nililala kifudifudi, nikatambaa. Reino alikuwa ananiongoza: fuata miti midogo, shika penye mizizi, hapo siyo, kushoto, kushoto nimesema. Theluji iliingia kifuani. Chini yangu ardhi haikuwa kimya. Ilikuwa na sauti, kama mtu anayejigeuza kitandani chumba cha pili. Kila iliponguruma nililaza shavu chini na kungoja. Nilimwomba Mungu kwa lugha ya mama yangu, ambayo nilidhani nimeisahau.

Nilipomfikia alikuwa anatetemeka, midomo ya buluu. Akanitazama kwa mshangao.

"Aune, mbona umelala kwenye theluji? Utaugua."

"Nimependa tu."

"Mama hafungui mlango," akasema. "Nimegonga na kugonga."

Maisha yangu yote nimejisifu kwamba sisemi uongo, na msimu huu nimemwambia Dale uongo mara nne bila kupepesa. Huu wa tano ndio pekee nisioujutia. "Mama yako kaenda kanisani. Kaniambia ukamsubiri kwangu. Twende, lakini leo tunatambaa."

"Kama zamani," akasema.

"Kama zamani. Shika mguu wangu, usiuachie."

Tulirudi njia ile ile, yeye ameshika kifundo changu. Reino na Delphine walikuwa wanakusanya kamba polepole. Karibu na msonobari ulioanguka nilisikia nyuma yetu kitu kama pumzi ndefu, na jiwe likianguka. Nililisikia likianza kuanguka. Sikulisikia likifika.

Delphine alimvuta Lempi juu ya waya kama gunia, akalivua koti lake akamvika, akamkumbatia akakaa naye chini. Watu wa zimamoto walitukuta hivyo saa nane na nusu, wazee wanne na mbwa wanne tumebanana chini ya miti.

Kwenye gari la wagonjwa Lempi akaninong'oneza, "Umeniambia kaa, kama mbwa."

"Na umekaa."

"Nimekaa," akasema, na akacheka. Nami nililia mpaka yule kijana wa dawa akanipa kitambaa.

Alhamisi, 13 Novemba

Atapoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto. Dale yuko njiani. Nimeosha nyumba nzima. Sijui niweke wapi mikono.

Jumamosi, 15 Novemba

Tangu alfajiri ni risasi tu, mbali na karibu. Kusti yuko chini ya meza. Kila mlio unanishtua.

Dale alikuja saa nne, mwenyewe, kutoka hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kupigiwa kelele. Miaka yote namwona huyu mtu kama anayepima madirisha ya mama yake apate kuuza nyumba. Alivua viatu mlangoni, akakaa, akashika kikombe bila kunywa. Ana mvi. Sikuwa nimeona kwamba ana mvi.

"Anti," akasema, "nilikuuliza mara tatu."

"Mara nne," nikamwambia. Nikamletea daftari hili. "Soma."

Alisoma yote pale mezani. Alichukua muda, mwandiko wangu ni mbaya. Nilikaa nikimtazama anavyofunua kurasa, na nasema ukweli, afadhali kutambaa kule ndani. Alipofika kwenye sauna alisita, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Nyumba ya wazee? Nani kasema nyumba ya wazee?" akauliza. "Nimebomoa gereji yangu tangu Aprili nimemjengea chumba, chini, bila ngazi. Nimeweka ua wa mbwa. Kila nikitaka kumwambia anaogopa anakata simu. Nikakupigia wewe unisaidie kumwambia. Nawe unakata simu."

Nikakusanya makombo ya mezani kwa kiganja.

"Nilidhani unanichukia," akasema.

"Nilikuchukia."

"Na sasa?"

"Sasa kunywa kahawa, imepoa."

Alikunywa. Mlio mwingine ukapiga karibu, tukashtuka wote wawili, na kahawa ikamwagika mezani. Alichukua kitambaa akafuta yeye mwenyewe, na hakuacha kufuta hata baada ya meza kukauka. Ndipo nilipoelewa kwamba huyu mtoto anaogopa kuliko mimi. Anaogopa siku atakayofungua mlango na mama yake amuulize, wewe nani?

Jumanne, 18 Novemba

Kesho wanaondoka. Lempi jana, aliporudi kutoka hospitali, alijua kwamba anakwenda, akalia, akasema sawa. Leo hajui. Kesho Mungu ndiye anajua. Ukurasa huu nitauchana nimtie Dale mfukoni, kwa hiyo sasa naandika kwako, Dale, na usome vizuri.

Asubuhi atasimama mlangoni, atakataa. Atasema mama yake hajarudi kanisani. Usibishane naye, na usimwambie mama yake amekufa, maana utakuwa unamzika upya kila asubuhi. Usimuulize kama anakukumbuka. Mwambie jina lako kabla hajalitafuta. Kila siku mtoe nje atembee, mvua au theluji, hata kwa hivyo vidole vinane. Akikaa ndani atakuwa anatafuta vitasa ukutani. Umshike mkono, si kamba, mkono. Usimshikie mbwa, hata akikuomba kwa sababu ya kiatu. Mfunge kiatu wewe. Jumapili nipigie simu saa moja asubuhi, nitapokea, na utaniambia ukweli hata kama ni mbaya, nami nitakuambia wa kwangu. Delphine anasema atanileta kwa gari lake wiki ya kwanza ya Desemba, na anaendesha kama kichaa, basi tuandalie kitu cha moto.

Sasa la kesho. Usimvute mama yako, usimbembeleze, usimwonyeshe sanduku. Washa gari, pasha joto, fungua mlango wa nyuma, umpakie Pulla kwanza. Kisha nyamaza, usimame kando, umwache mama yako apande mwenyewe.